Viazi vya kuchemsha havina kosa
Wengi wakianza kupunguza uzito, cha kwanza kuondoa kwenye sahani ni viazi, eti vinanenepesha. Ikifika saa nne asubuhi njaa inauma, wanaishia kwenye maandazi. Inanisikitisha, maana wanateseka bure.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walilinganisha vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240. Viazi vya kuchemsha vilishibisha kuliko vyote, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Vina maji mengi: gramu 100 hazifiki kalori 90, na tumbo linajaa. Tatizo ni mafuta, yenye kalori 9 kwa kila gramu. Chipsi ni habari nyingine kabisa. Wewe chemsha, weka maharage na mchicha pembeni, ule ushibe.