Acheni kuchagua sailensa kwa namba ya desibeli

Swali kuhusu sailensa, kile chombo kinachofungwa mdomoni mwa mtutu wa bunduki kupunguza mlio, ni lile lile: "Fundi, ipi haisikiki kabisa?" Huniuliza Mmarekani aliyekulia kwenye ranchi, huniuliza Mkongomani aliyehamia Houston, huniuliza Mkenya wa Dallas aliyealikwa na wakwe zake kuwinda kulungu kwa mara ya kwanza. Wote wameona sinema zile zile. Juma hili nimeulizwa tena, na safari hii mwenyewe alikuwa ameshalipia, kwa sababu kwenye boksi paliandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache kuliko boksi la jirani. Bunduki yake ina mtutu wa inchi 24. Alichonunua kina urefu wa karibu inchi 9 na uzito wa zaidi ya nusu kilo, na anawinda akiwa ndani ya kibanda cha mbao chenye dirisha dogo. Hataweza hata kuigeuza humo ndani.

Hakuna sailensa inayoifanya bunduki ya kuwindia isisikike. Haipo, na kwa risasi ya kawaida ya kuwindia haiwezi kuwapo.

Mlio wa bunduki una sauti mbili. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi ya baruti unaotoka kwenye mdomo wa mtutu. Hiyo ndiyo kazi ya sailensa: gesi inaingia kwenye vyumba vyenye visahani vilivyotobolewa katikati, inapanuka, inapoa, inatoka taratibu. Ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe angani. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, risasi ya .308 (kaliba, yaani takriban upana wa risasi kwa inchi) hutoka kwenye mtutu ikiwa na kasi ya mita 800 hivi. Inaupasua upepo njia nzima mpaka kwa mnyama, na chombo kilichofungwa mdomoni mwa mtutu hakina uwezo wowote juu ya kitu kilichoshaondoka. Unaweza kutumia laki moja au milioni kumi, mpasuko huo uko pale pale.

Hapo mtu huniambia, basi nitumie risasi za mwendo mdogo. Sawa. Risasi nzito ya .300 Blackout ya mwendo mdogo hutoka kwa mita 310 kwa sekunde hivi na nguvu ya juli 700 hivi. Ile .308 ya kawaida ina zaidi ya juli 3,400. Risasi nyingi za mwendo huo hazifunguki zikiingia mwilini. Zinatoboa tundu jembamba na kulungu anakimbilia vichakani kufa kesho yake. Zipo zilizotengenezwa mahususi kufunguka kwa kasi hiyo, na wapo wanaozitumia vizuri kwa umbali mfupi sana, kwa mkono uliotulia. Mwindaji wa mara ya kwanza hayumo kati yao. Unamdhulumu mnyama ili wewe ufurahie ukimya, na jambo hilo silikubali dukani kwangu.

Kwa hiyo sailensa ni ya nini? Ni ya masikio yako. .308 bila kitu mdomoni hupiga karibu desibeli 165 hadi 170. Sailensa nzuri hupunguza desibeli 25 hadi 35. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kila 20 ni shinikizo mara kumi, kwa hiyo kupunguza 30 ni kulishusha shinikizo zaidi ya mara thelathini. Unabaki mnamo 135 hadi 140, na 140 ndiyo alama inayotajwa Marekani kuwa mpaka wa hatari kwa mlio mmoja wa ghafla. Nami siuamini mpaka huo kama ukuta. Sikio haliendi hatua moja kutoka salama hadi kuharibika. Milio ya 138 ikirudiwa miaka mingi nayo inakula. Vitabu vya mauzo huandika "salama kwa masikio" chini ya 140 na kuishia hapo. Mimi mwenyewe huvaa vizibo masikioni kwenye uwanja wa shabaha hata sailensa ikiwa imefungwa, na porini huvaa vile vya kielektroniki vinavyoacha sauti ndogo zipite.

Aliyeibuni sailensa ni Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1909. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyeunda bombomu, bunduki ambayo babu zetu waliifahamu kwa machungu yake, na uzeeni mzee huyo alikuwa kiziwi. Kijana alikuwa mhandisi wa magari pia, na kanuni ni ile ile ya ekzosi: ipe gesi nafasi ya kupoa kabla ya kuiachia. Ekzosi haizimi injini. Hakuna anayenunua gari akidai lisisikike likipita, ila kwa bunduki watu wanadai.

Sasa namba ya kwenye boksi. Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa hiyo nivumilieni.

Kiwango cha jeshi la Marekani ambacho watengenezaji wengi hukifuata huweka maikrofoni mita 1 kushoto kwa mdomo wa mtutu, mita 1.6 kutoka ardhini. Sikio lako halipo hapo. Lipo nyuma, kwenye kitako. Kwa bunduki ya bolti, ile unayoipakia kwa mkono kila risasi, kule nyuma huwa kumetulia zaidi kuliko pale kwenye maikrofoni. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, sailensa inayokaba gesi sana huirudisha nyuma, ikatokea kwenye tundu la kutemea maganda sentimita chache kutoka shavuni mwako, na namba nzuri ya mdomoni haikuambii kitu juu ya hilo. Bado kuna urefu wa mtutu waliopimia: mtutu wa inchi 24 huipa gesi muda wa kushuka shinikizo, wa inchi 16 hauipi, kwa hiyo sailensa ile ile itaonekana bora kwenye mtutu mrefu. Bado kuna ardhi, nyasi au zege. Bado kuna kifaa: mlio wa bunduki hupanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na kifaa kisicho na kasi hukosa kilele chenyewe na kuandika namba ndogo. Maana yake kifaa kibovu hutoa tangazo zuri.

Kuna na la risasi ya kwanza. Ndani ya sailensa iliyopoa mna hewa, na hewa ina oksijeni, hivyo baruti isiyokwisha huendelea kuungua humo na mlio wa kwanza huwa mkubwa kuliko inayofuata. Kwenye .22 na .300 ya mwendo mdogo unausikia waziwazi, kwenye .308 ni mdogo zaidi, lakini upo. Wastani wa risasi kumi unaificha ile ya kwanza. Mwindaji hupiga ngapi? Moja. Mnapimiwa kitu ambacho hamtakitumia.

Kwa hiyo ukiona sailensa mbili za makampuni tofauti, moja desibeli 133 na nyingine 136, zirudishe zote mbili rafuni na uanze upya. Tofauti hiyo inaweza kutoka kwenye maikrofoni. Namba zina faida pale tu mtu mmoja, kwa kifaa kimoja, bunduki moja na siku moja, amepima zote, na akaonyesha mstari mzima wa shinikizo mdomoni na sikioni pia.

Anza na mtutu. Kwa .308 ninapendekeza inchi 18 hadi 20 halafu sailensa fupi. Kukata inchi nne kunakupunguzia mita 25 au 30 kwa sekunde, kulungu aliye mita 150 hatazihisi, nawe unapata bunduki inayogeuka ndani ya kibanda na ndani ya gari. Lakini soma urefu wa chini wa mtutu ambao mtengenezaji ameuruhusu kwa kaliba yako. Ni amri, si ushauri.

Kisha uzito. Gramu 300 na gramu 600 zinafanana ukizishika mkononi kaunta. Zifunge mwisho wa mtutu, simama bila kuegemea, lenga kwa dakika moja. Ndipo utaelewa. Titani ni nyepesi na kwa mwindaji wa bolti anayepiga risasi mbili kwa msimu ninaisifu bila wasiwasi. Kwa wale wanaowinda nguruwe mwitu usiku hapa Texas na kumwaga risasi ishirini mfululizo, titani ikipata moto sana hutoa cheche na huliwa upesi, basi chukueni chuma au inkoneli (aloi ya nikeli inayostahimili joto) na mkubali uzito. Alumini iacheni kwenye .22. Kuna aina inayorudi nyuma na kuufunika mtutu, inayopendwa sana Uingereza na nchi za Skandinavia. Inaongeza urefu kidogo tu mbele ya mdomo, ila hakikisha mtutu wako si mnene mno kuingia humo.

Na hesi, yale mapindo ya skrubu mdomoni mwa mtutu ambako sailensa hufungwa. Jamani, hesi. Kipenyo cha nusu inchi chenye hesi 28 kwa kila inchi hutumika kwenye .22 ndogo na pia kwenye .223. Sailensa ya alumini ya .22 itaingia kwenye mtutu wa .223 vizuri kabisa, na itapasuka. Hesi kukubali kuingia hakuthibitishi chochote juu ya kaliba wala shinikizo. Kwa kaliba za .30 hapa Marekani utakuta zaidi inchi 5/8 kwa hesi 24; bunduki za Ulaya huja na M14 au M15 au M18 (kipenyo kwa milimita) kwa hatua ya milimita 1. Pima, usikisie.

Kama mtutu hauna hesi, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukerezea chuma, na umwulize swali moja: unapanga mtutu kwa kufuata tundu au kwa kufuata ngozi ya nje? Akisema ngozi ya nje, chukua bunduki yako uondoke. Tundu la ndani haliko katikati kamili kwa kila mtutu, na hesi ikifuata nje, sailensa itakaa ikiwa imepinda kidogo usichokiona kwa jicho, risasi ikagonga kisahani cha kwanza au kofia ya mwisho. Bega la mtutu nalo liwe mraba kamili, na ile washa (pete ya chuma) ya kubonyea isitumike kamwe, kwani hubonyea upande mmoja zaidi. Kabla ya risasi ya kwanza, pitisha fimbo nyoofu ya kupimia ndani ya mtutu itokee mbele ya sailensa, utazame nafasi pande zote. Huchukua dakika mbili.

Sailensa moja kwa bunduki mbili inawezekana. Ya .30 hufanya kazi kwenye 6.5 Creedmoor, kaliba yenye risasi nyembamba zaidi, kwa sauti iliyozidi kidogo kwa sababu tundu ni kubwa kuliko risasi. Kinyume chake ni ajali. Lakini lenga upya kila unapoihamisha. Risasi itahama ukiifunga, na sioni kanuni ya kuaminika ya kutabiri itahamia wapi: nimeona bunduki mbili za aina moja zikihama pande tofauti kwa sailensa ile ile. Anayekuambia "yetu haihamishi" hajajaribu ya kwako.

Sheria ya Marekani, kwa haraka. Sailensa hulazimika kusajiliwa na serikali ya shirikisho tangu 1934. Ile kodi ya dola 200 imekuwa sifuri tangu tarehe 1 Januari 2026, lakini fomu, alama za vidole na picha bado vipo. Majimbo manane hayaruhusu raia wa kawaida kuimiliki, California, New York na Illinois yakiwamo, na Connecticut unaweza kumiliki lakini usiwinde nayo. Uliye kwa visa ya muda, muone wakili kabla hujaishika. Ninaowasikia mkiuliza kutoka Kenya, uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku huko tangu 1977, kwa hiyo hakuna cha kuchagua.

Ukirudi kutoka porini, ifungue ikiwa imepoa. Masizi na unyevu wa ndani hutiririka kwenye mdomo wa mtutu na kutu huanza hapo hapo kwenye hesi ulizolipia. Iache ikauke peke yake, pitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni, na uisimamishe bunduki mdomo ukitazama chini.