Ziwa lipo, bwawa la nini?

Hapa Goma, ukitaja bwawa la kuogelea la umma utajibiwa papo hapo: tuna ziwa Kivu, mtoto wa ziwani hujifunza mwenyewe. Imani hiyo ni ya zamani, nayo ni ya hatari.

Anayejifunza kuogelea anahitaji mahali pa kusimama, ili akichoka au akimeza maji miguu iguse chini. Kivu mara nyingi halimpi nafasi hiyo. Ukingo ni wa mawe makali ya volkeno, kisha ghafla kina. Sehemu ya chini kabisa hukaribia mita 480. Watoto wanaochota maji kwa bidoni wanalijua ziwa vizuri, lakini kuchota si kuogelea. Oktoba 2024 mashua kutoka Minova, mji mwingine wa kando ya ziwa hili, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakitazama kutoka nchi kavu. Wengi walikufa.

Bwawa la kufundishia wala halihitaji fahari. La mita 50 kwa 25, lenye kina cha mita 2, hujazwa kwa lita milioni 2.5. La mita 25 kwa 10, kina mita 1, hutosheka na lita 250,000, na maji huchujwa, hutiwa klorini na kutumika tena. Mji wenye foleni za bidoni uchague hayo madogo, uyajenge karibu na shule za mitaa ya Majengo na Ndosho, mbali na hoteli za ufukweni. Na zamu za wasichana na akina mama zipangwe tangu mwanzo, maana biashara ya Minova wanaivukia maji wao pia.