Mizizi ya Kilatini na Kigiriki katika Kiingereza: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayowapoteza wanafunzi wengi wa Kiingereza ni kwamba mzizi wa Kilatini au Kigiriki ukishajulikana, maana ya neno zima imejulikana. Ukweli ni kwamba mzizi hudokeza tu, na mara nyingine dokezo lenyewe humpotosha msomaji. Chukua mfano wa ped. Katika "pedal" na "pedestrian" mzizi huo ni wa Kilatini na maana yake ni mguu; mwanafunzi aliyekariri hivyo, akikutana na "pediatrician", atamdhania kuwa daktari wa miguu, ilhali ni daktari wa watoto, kwa kuwa hapo asili ni pais, neno la Kigiriki lenye maana ya mtoto. Waingereza huandika "paediatrician", na hiyo ae ni ai ya Kigiriki kama Warumi walivyoizoea kuiandika. Wamarekani waliiacha, na pamoja nayo wakaacha alama ambayo ingemwokoa msomaji makini. Tahajia ya Kiingereza hulaumiwa na kila mtu, mara nyingi kwa haki, lakini hapa inastahili shukrani.

Homo nayo ni hivyo hivyo: kwa Kilatini ni binadamu, kwa Kigiriki ni kitu kilicho sawa na kingine, na "homogeneous" haihusiani na binadamu hata kidogo.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba asili ya neno ndiyo maana yake halisi, na kwamba matumizi ya leo ni upotoshaji. Asili hutuonyesha walivyofikiri waliolibuni neno, si jinsi kitu kilivyo. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa wa karne ya 18, aliunda jina la oksijeni kwa maneno ya Kigiriki yanayomaanisha kizalisha asidi, akiamini kwamba hakuna asidi isiyokuwa na gesi hiyo. Mwaka 1810 Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza, alionyesha kwamba asidi hidrokloriki haina oksijeni, lakini jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka. "Malaria" vilevile ni "hewa mbaya" kwa Kiitaliano, mtoto wa Kilatini, na limebaki hivyo hata baada ya daktari Mwingereza Ronald Ross kuona vimelea vya ugonjwa huo ndani ya mbu huko India mwaka 1897.

Hata wasomi huona mzizi pasipo na mzizi. Herufi s katika "island" haitamkwi kwa sababu haikuwamo: iliingizwa na walioamini kwamba neno hilo, ambalo ni la Kiingereza cha kale, linatokana na insula ya Kilatini.

Si kweli kwamba ni lazima kusoma Kilatini kwanza. Msemaji wa Kiswahili anayeuona undugu wa pika, mpishi na mapishi tayari anayo mbinu ya kutambua mizizi, na baadhi ya maneno yake, kama vile kanuni na falsafa, yalitoka Kigiriki yakapitia Kiarabu.

Mbinu hii huzaa zaidi katika tiba, ambako viambishi vimetulia: -itis ni uvimbe au mwasho, uwe na maambukizi au la, -ectomy ni kukata na kuondoa, -otomy ni kupasua tu. Basi "gastrotomy" ni kulipasua tumbo la chakula, na "gastrectomy" ni kuliondoa, lote au sehemu yake.