Panya wa sakarini na karanga zenye kuvu

"Daktari, hii sakarini si ndiyo iliyowapa panya saratani?" Wagonjwa wa kisukari wanaotumia kitamu hicho badala ya sukari wananiuliza hivyo kila kliniki, na wengine tayari wamerudia sukari. Inaniuma kweli.

Dhana: Kilichompa panya saratani kitanipa na mimi.

Panya wale walioota uvimbe wa kibofu walikuwa hasa madume, na sakarini ilifikia asilimia 5 ya chakula chao, tangu utotoni hadi uzeeni. Habari zilipotoka mwaka 1977, Marekani iliamuru onyo libandikwe kwenye bidhaa zenye sakarini. Ndipo watafiti wakachunguza uvimbe ulitokeaje. Mkojo wa panya hao umekolea madini na protini. Sakarini ikizidi hivyo, humo hujengeka chembe za fosfeti ya kalsiamu zinazokwaruza ukuta wa kibofu; seli hufa, nyingine huzaliana haraka kuziba pengo, na uvimbe huanzia hapo. Mkojo wetu hauko hivyo. Wagonjwa wa kisukari waliotumia sakarini kwa miaka mingi walifuatiliwa, saratani ya kibofu haikuongezeka kwao. Mwaka 2000 Marekani iliiondoa sakarini kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na onyo likafutwa.

Ukisikia habari za panya, uliza: walipewa kiasi gani, uvimbe ulikujaje, na je, njia hiyo ipo mwilini mwa binadamu?

Dhana: Basi majaribio ya wanyama ni bure.

Hapana! Vinili kloridi, malighafi ya mabomba ya PVC, iliwapa panya wa mtafiti Cesare Maltoni kule Italia saratani adimu ya ini. Mwaka 1974 saratani ileile ikaripotiwa kwa wafanyakazi wa kiwanda Marekani.

Dhana: Soseji ziko kundi moja na sigara, kwa hiyo hatari ni sawa.

Makundi hayo ni ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na hupima tu uzito wa ushahidi kwamba kitu husababisha saratani. Ukubwa wa hatari ni hesabu nyingine.

Dhana: Mnyama akinusurika, nasi tu salama.

Panya wadogo wa maabara huistahimili sumukuvu, sumu ya kuvu wa karanga na mahindi inayoleta saratani ya ini, kwa sababu ini lao huivunja upesi. Letu haliwezi hivyo, na mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi. Kuipika hakuimalizi. Karanga iliyosinyaa, yenye kuvu au chungu, tupa. Mahindi yaliyoota kuvu usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hiyo hupita kwenye maziwa.