Je, bundi akilia karibu na nyumba huleta kifo?

Katika vijiji vingi vya Tabora, kama ilivyo kwingineko nchini, watu wengi huamini kwamba bundi akilia karibu na nyumba, mmoja wa wakazi wake atafariki. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na walio nayo waliirithi kwa wazee wao.

Kinachojulikana ni kwamba bundi hulia ili kulinda eneo lake na kumwita mwenzake. Huzikaribia nyumba kwa sababu nafaka iliyohifadhiwa huvuta panya, ambao huwameza wazima na baadaye kutapika donge la manyoya na mifupa. Ukilipasua donge hilo kwa kijiti, chini ya mti anaolala, utaona mafuvu madogo ya panya, ushahidi ambao kwa maoni yangu unatosha kumfanya mkulima amthamini sana ndege huyu. Penye mgonjwa watu hukesha, hivyo mlio husikika na kukumbukwa, ilhali usiku mwingine hutupita tukiwa usingizini.

Majirani wanaweza kutoka pamoja jioni hadi ukingoni mwa miombo, wakae kimya wakisikiliza, na kwa miezi kadhaa waandike tarehe ya kila mlio, wakijumuisha ile ambayo haikufuatwa na msiba wowote.