Kwa nini kompyuta inakuwa ngumu ukipandisha levo kwenye Civilization? Sio akili, inabebwa

Je, wajua kwenye Civilization, gemu la kujenga taifa na kupigana kwa zamu, kompyuta inayokunyoosha levo ya Deity (ya juu kabisa) kichwani ni ile ile unayoipiga kiulaini levo za chini?

Tangu Civilization VII itoke Februari 2025 kelele hazijaisha. Watu wanalalamikia menyu, wanalalamikia gemu kukatwa vipande vitatu vya zama, lilipotoka ukiingia zama mpya ulilazimika kubadili taifa na miji uliyoijenga kwa jasho ilishushwa hadhi. Hayo tuyaache, yameshasemwa sana. Lalamiko linalonivutia mimi ni la zamani zaidi, limekuwepo kwenye karibu kila toleo: nimeweka levo ya mwisho kabisa, mbona adui bado anapigana kijinga, halafu hapo hapo kanizidi hela, sayansi na majeshi?

Shida iko kwenye tunavyolielewa neno "ngumu". Wengi wanaamini ukipandisha levo programu inaanza kufikiria zaidi, inapanga mbali, inakusoma. Hapana. Kinachopanda kwa sehemu kubwa ni nyongeza za bure anazopewa huyo adui wa kompyuta. Chukua Civilization VI ambayo namba zake zinajulikana vizuri: kwenye Deity wewe unaanza na kundi moja la walowezi, yeye anaanza nao matatu, kwa hiyo wewe ukijenga mji wa kwanza yeye anajenga mitatu. Uzalishaji wake unaongezewa asilimia 80, hela vilevile, na kila kikosi chake kinapewa pointi 4 za nguvu za bure, ambazo zikipigwa hesabu ni kama asilimia 17 ya madhara zaidi pale mlipokuwa sawa. Levo ya Prince, ya katikati, ndiyo hamna anayebebwa, na hapo mchezaji mzoefu anamaliza huku anasinzia.

Fikiria bao. Kete ziko 64, kila mtu 32. Sasa unacheza na jamaa ambaye hajui bao, mechi inaboa, ila huna muda wa kumfundisha, basi unampa kete 20 za nyongeza. Atakusumbua kweli, na raundi za mwanzo anaweza kukufunga, ila hajajua bao, bado anaacha mashimo wazi yale yale. Ukivumilia mpaka kete zake za bure ziishe maana, unamla. Ndiyo maana mechi za Deity zina sura ile ile kila siku, mwanzo unateswa, katikati unamfikia, mwisho unatembea tu.

Kwa nini wasimfundishe sasa? Mbona Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimfunga bingwa wa dunia Kasparov kwenye chesi mwaka 1997? Chesi unasogeza kipande kimoja kwa zamu. Huku unasogeza kila kitu. Una vikosi 10, kila kimoja kina sehemu 10 za kwenda, tayari ni njia bilioni 10 za kucheza zamu moja, hapo hujagusa miji wala diplomasia, na mchezaji hataki kusubiri. Civilization V ya 2010 iliongeza chumvi kwenye kidonda ilipokataza vikosi vya vita kurundikana sehemu moja. Zamani kompyuta ilirundika jeshi lote ikakuletea mlangoni, leo inabidi ipange foleni kwenye njia nyembamba ya milimani na inajikwaa yenyewe. Makamanda wanaobeba vikosi kwenye toleo la VII wamepunguza hiyo foleni, ila kubebwa kwa levo za juu kupo palepale.

Tusiseme ni gemu zote lakini, chesi za kwenye simu levo za chini kompyuta inakosea makusudi kabisa. Na mwaka 2019 AlphaStar, programu ya akili bandia ya DeepMind, ilifika Grandmaster, daraja la juu kabisa la wachezaji, kwenye gemu la vita la StarCraft II, kwa hiyo kufundisha inawezekana, ila gharama yake sio ya mchezo, na gemu linalopata apdeti kila mara linabadilisha sheria zilizofundishwa.

Halafu kuna hili la ajabu. Mwaka 2010 Sid Meier mwenyewe, muasisi wa Civilization, aliwasimulia watengeneza gemu yaliyowakuta kwenye Civilization Revolution, toleo jingine la gemu hili. Wachezaji waliona uwezekano wa 3 kwa 1 upande wao, wakashindwa vita, wakaja juu kwamba gemu linaiba. Wakiwa wao ndio 1 na wakashinda, kimya. Wengine walikubali kushindwa kwenye 2 kwa 1 ila wakakataa kwenye 20 kwa 10, maana 20 ni kubwa bwana! Basi wakaliweka gemu likumbuke ulivyopoteza vita vilivyopita na lipunguze uwezekano wa kupoteza tena mfululizo. Yaani mchezaji naye alikuwa anabebwa, na hilo hakuna aliyelilalamikia.