Bodalaini hutibika, na si kwa njia moja tu

"Tatizo la haiba la bodalaini halitibiki." Kauli hii kuhusu tatizo hili la afya ya akili (kwa Kiingereza, borderline personality disorder) imezoeleka miaka mingi, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya, na imewaumiza watu ambao tayari wanaishi na hisia kali na hofu ya kuachwa. Si kweli. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan alichapisha jaribio lililoonyesha kuwa tiba yake ya mazungumzo na stadi, DBT (dialectical behavior therapy), hupunguza vitendo vya kujidhuru.

DBT kamili ina sehemu nne: kikao cha ana kwa ana kila wiki, darasa la stadi la saa mbili hivi, simu kwa mtaalamu wakati wa msukosuko, na timu inayowashauri wataalamu wenyewe. Mtu akijidhuru baada ya ujumbe wake kutojibiwa, kikao hufuata tukio pingili kwa pingili: ule ukimya aliuelewaje, mwili ulihisi nini, alifanya nini, kisha nini kikafuata. Huchaguliwa pingili moja, na stadi ya kuivunja hufanyiwa mazoezi. Darasa peke yake si DBT kamili.

Tiba nyingine ya mazungumzo, MBT (mentalization-based treatment), ya wataalamu Bateman na Fonagy, humzoeza mtu kujiuliza mwenzake anawaza nini kabla ya kumhukumu. Je, ni lazima iwe tiba maalumu kama hizi? Jaribio la Kanada la mwaka 2009, lenye watu 180, lililinganisha mwaka mmoja wa DBT na matibabu ya kawaida ya akili yaliyopangwa vizuri. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana. Kwa hiyo ukikosa DBT, tafuta mtaalamu anayeijua hali hii, mwenye ratiba thabiti na mpango wa dharura ulioandikwa.